Dakika tisa kwenye geti la godauni

Nikisimamisha kamera yangu usiku kando ya barabara ya Nairobi, swali ninaloulizwa zaidi si la picha. Ni, "Kwani mnabomoa lini?" Stendi ya miguu mitatu, kisanduku juu yake, na mtu aliyeinama nyuma kama anayekagua kitu: kwa mkazi wa jiji hili huyo ni mpima ardhi, na mpima ardhi akishaonekana, tingatinga haliko mbali. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai kule Industrial Area aliacha sufuria motoni akaja kuniuliza kama ile X nyekundu itapigwa upande wake au ng'ambo. Nikamwambia aingie chini ya shuka jeusi ajionee. Kwenye kioo cha ukungu, kile cha nyuma ya kamera ambako picha hutokea, akakuta kibanda chake kiko kichwa chini, mwali wa koroboi ukichomoza kuelekea ardhini. Alitoka akicheka. "Hata kama hamtabomoa," akasema, "tayari mshanipindua."

Kamera yenyewe ni ya inchi nne kwa tano. Kila picha ni kipande kimoja cha filamu, karibu ukubwa wa kiganja, kilichopakiwa kwa mkono ndani ya holda inayobeba viwili, kimoja kila upande. Hakuna kufyatua mara thelathini halafu ukachague nyumbani. Nikirudi na vipande vinne usiku mzima, nimeshinda. Ndiyo maana kuchagua filamu na lenzi huniumiza kichwa kuliko wenzangu wa kamera ndogo: ukikosea, umepoteza kipande na dakika kumi za kusimama kwenye baridi ya Julai ukijifanya hujali pikipiki zinazopunguza mwendo ukutazame.

Nilipoanza niliuliza yale ambayo kila anayeanza huuliza. Filamu gani ina kasi kubwa zaidi, yaani hushika mwanga upesi? Lenzi gani ina tundu pana zaidi la kupitisha mwanga? Nilidhani usiku ni upungufu wa mwanga tu, kwa hiyo dawa yake ni vifaa vyenye njaa ya mwanga. Mtu aliyenitoa kwenye mawazo hayo ni mzee mmoja, mlinzi wa usiku kwenye godauni karibu na reli.

Tulizoeana kwa ajili ya chai ya yule mama. Yeye huniita kijana wa sanduku. Siku moja akaniambia, kama mtu anayedai deni, kwamba kila siku napiga picha za kuta na nguzo za stima, na yeye amekaa pale pale kama ukuta lakini sijampiga hata moja. Nikaona ana haki. Nikaweka lenzi ya milimita 150, ambayo kwa kamera hii ndiyo ya kawaida, haipanui wala haivuti. Jiko lake la makaa lilikuwa mita nne kutoka kwangu, yeye mita tano, na nyuma yake geti, ukuta wa mabati na mnara wa maji. Nilitaka vyote vitoke vikali, kuanzia makaa mpaka mnara. Tundu likiwa dogo ndipo vya karibu na vya mbali hutoka vikali pamoja, kwa hiyo nikalifunga hadi f/32 (namba hiyo ikikua, tundu hupungua). Mita ya mwanga ikasema dakika mbili.

Filamu ilikuwa Ilford HP5 Plus, na kwa HP5 dakika mbili usiku si dakika mbili. Ni dakika nane na sekunde arobaini na tisa.

"Mzee, unaweza kukaa bila kutikisika dakika tisa?"

"Mimi hukaa saa kumi na mbili."

Akakaa vizuri sana mpaka dakika ya nne, lori lilipopiga honi. Mzee ni mtu wa kazi: akainuka, akafungua geti, akazozana kidogo na turnboi, akafunga, akarudi. Nilikuwa nimeziba lenzi kwa kofia ili taa za lori zisiichome picha, nikasimamisha kuhesabu, nikaendelea lori lilipoingia. Lakini mtu aliyerudi kitini hakuwa amekaa kama yule aliyeondoka. Koti lilikuwa limefunguliwa, mguu mwingine juu ya mwingine. Nilipomletea picha wiki iliyofuata aliishika karibu na taa.

"Mimi niko wapi?"

"Hapa, Mzee."

"Huyo ni moshi, kijana. Hata kiti kimetoka kuliko mimi."

Kwa nini dakika mbili zigeuke tisa? Filamu ni chembe za chumvi za fedha zilizoshikwa ndani ya gelatini. Mwanga ukija kwa kishindo, chembe hushika mara moja. Ukija kwa matone, chembe huanza kushika halafu husahau kabla tone linalofuata halijafika. Mchana hulioni jambo hili. Ikipita sekunde moja hivi, filamu nyingi huanza kulegea, na kadiri unavyoingia gizani ndivyo deni linavyoongezeka. Mtaalamu wa nyota Mjerumani, Karl Schwarzschild, alichapisha vipimo vyake kuhusu tabia hii mwaka 1900, kwa kuwa watu wa nyota ndio waliokuwa wakiacha filamu wazi muda mrefu na kushangaa kwa nini nyota hafifu hazitoki kama hesabu inavyotaka. Ni yuleyule ambaye mwaka 1916 hesabu zake juu ya nguvu ya uvutano ya nyota zilikuja kuwa msingi wa habari za mashimo meusi. Napenda kufikiri kwamba alianza kwa kukasirishwa na filamu, kama mimi.

Ilford wenyewe hutoa kipeo kwa kila filamu yao. Kwa HP5 ni 1.31: chukua sekunde ulizopima, zipandishe kwenye kipeo hicho, hizo ndizo utakazoiacha wazi. Simu yoyote yenye kikokotoo hufanya hesabu hiyo, ila mimi simwamini mtu mwenye simu inayong'aa usoni gizani, macho yake hayaoni tena kwenye kioo. Nimeandika namba kwenye kikaratasi na kukibandika mgongoni mwa kila holda. Sekunde 5 zinakuwa 8. 15 zinakuwa 35. 30 zinakuwa 86. Dakika moja inakuwa tatu na nusu. Na lile lililonipata kwa Mzee, 120 kuwa 529.

Kila filamu ina deni lake, na hapo ndipo namba kubwa ya kasi kwenye boksi inapokudanganya. Kodak Tri-X 320, filamu yenye heshima zake mchana, inataka sekunde 50 ukipima 10, na dakika ishirini ukipima sekunde 100. T-Max 100 ya Kodak haohao, yenye kasi isiyofika hata theluthi ya hiyo, ukipima sekunde 100 inaomba 200 tu. Ukiziweka mbele ya ukuta mmoja wenye giza, pale ambapo Tri-X inapima sekunde 10, T-Max itapima kama 32. Ukishalipa madeni yote mawili, zinafika karibu pamoja, kila moja ikikaribia dakika. Giza likizidi hapo, ile ya polepole ndiyo inayomaliza kwanza. Sungura na kobe kabisa.

Fomapan 100 ni rahisi kwa bei, na niliipenda kwa sababu hiyo, mpaka niliposoma karatasi yake: sekunde 10 zizidishe mara nane, sekunde 100 mara kumi na sita. Hiyo ya mwisho ni kama dakika ishirini na saba. Ulichookoa dukani utakilipa kwa kusimama barabarani, na Nairobi usiku kusimama pahali pamoja dakika ishirini na saba kuna gharama zake ambazo sihitaji kumweleza msomaji wa hapa.

Ile iliyokuwa mfalme wa kazi hii ni Fuji Acros ya zamani, ambayo mpaka sekunde 120 haikudai kitu. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2018. Mwaka uliofuata ikarudi kwa jina la Acros II, lakini kwa kamera za roli tu. Sisi wa vipande tulibaki tunachungulia karamu kupitia dirishani.

Kwa hiyo nimebaki na mbili. HP5 kwa chochote chenye mtu ndani yake, kwa sababu kwa giza la mjini, lenye taa za dukani na mwanga wa mawingu, bado inawahi kabla deni lake halijawa kubwa. T-Max 100 kwa majengo, ambayo hayana haraka. Rangi niliiacha, na si kwa sababu ya bei peke yake. Mitaa yetu imechanganyika: upande mmoja taa za zamani za sodiamu, chungwa tupu, upande wa pili LED nyeupe, na juu kabisa mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti, akimwaga mwanga wake kama mwezi wa bandia. Macho yanapatanisha yote hayo, filamu ya rangi haipatanishi. Kuna wanaopenda ugomvi huo wa rangi. Mimi huwatazama kwa heshima kutoka mbali. Niliwahi kujaribu pia ile Ilford Ortho Plus, isiyoona nyekundu, na Ilford wamekwambia wazi kwamba kasi yake ni 80 mchana na 40 chini ya taa za balbu. Chini ya sodiamu ya Industrial Area hata hiyo 40 niliitafuta sikuiona. Nilisafisha kipande kikatoka safi kama dirisha, isipokuwa kitone cha taa katikati.

Neno kuhusu kupakia holda, kwa sababu hapo ndipo watu hukata tamaa. Hupakiwa gizani kabisa, kwa vidole. Ukingoni mwa kila kipande kuna vikato vidogo, kila aina ya filamu na mpangilio wake. Ukikishika kwa urefu na vikato vikiwa pembe ya juu kulia, uso wenye dawa unakutazama. Mimi hufanya hivyo bafuni, taulo likiwa limesukumwa chini ya mlango, lakini taa ya jirani hupenya kwenye dirisha la hewa hata ukiliziba. Kwa hiyo stima ikipotea mtaani, wakati plot nzima inalaani, mimi nashukuru kimoyomoyo na kuingia bafuni na holda zangu.

Sasa lenzi, na hapa ndipo nilipojua kwamba kosa la kwa Mzee halikuwa la filamu.

Watu wa usiku mtandaoni wanaota lenzi zenye tundu kubwa. Kuna ile Aero Ektar ya Kodak, ya milimita 178, f/2.5, iliyotengenezwa kwa ndege za kijeshi wakati wa Vita vya Pili, yenye kioo cha thoriamu ndani yake, kwa hiyo ina mnunurisho. Haina shata, kile kifaa cha kufungua na kufunga mwanga. Ni nzito kama tofali. Sisemi ni mbaya, nasema tu sitaibeba kwenye matatu. Na hata ukiwa nayo, kwenye kipande kikubwa hivi f/2.5 inakupa ukali kwenye kope na ukungu kwenye sikio.

Tundu pana lina faida moja ya kweli usiku, nayo ni kuona. Kwenye kioo cha ukungu, f/5.6 ina mwanga maradufu ya f/8, na tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya kulenga na kubahatisha. Lakini hata kulenga kuna ujanja wake. Chukua tochi ndogo, mpe mtu aishike pale unapotaka ukali, ikielekea kwako. Usilenge ukuta wala uso, lenga kile kitone cha tochi kwa kioo cha kukuza. Kikiwa kidogo kabisa, umefika. Tangu nijue hivyo sikuona tena sababu ya kubeba lenzi nzito, nikawa natumia lenzi pana ya milimita 90, ya f/8, bila majuto.

Na ni hiyo 90 iliyonirudisha kwa Mzee.

Hesabu yake ni hii. Kwa ukali ninaoukubali mimi kwenye kipande cha inchi nne kwa tano, yaani doa lisilozidi sehemu moja ya kumi ya milimita, lenzi ya 150 kwenye f/11 ukiilenga mita ishirini na nusu inashika kutoka mita kumi mpaka mwisho wa dunia. Jiko la Mzee lilikuwa mita nne. Ndiyo maana nilifunga hadi f/32. Lenzi ya 90, kwenye f/11 hiyohiyo, ukiilenga mita saba na nusu hivi, inashika kutoka chini kidogo ya mita nne mpaka mnara wa maji na nyota zilizo nyuma yake. Kutoka f/32 kurudi f/11 ni stopu tatu, na kila stopu ni mwanga maradufu. Mchana stopu tatu ni mara nane. Usiku, kwa HP5, kila stopu unayofungua inakupunguzia mara mbili na nusu karibu, si mara mbili, kwa sababu unapunguza muda na deni lake kwa pamoja. Dakika mbili za mita ya mwanga zinashuka hadi sekunde 15. Sekunde 15 kwa kikaratasi changu ni 35.

Kutoka dakika tisa hadi sekunde thelathini na tano, filamu ileile, taa ileile, bila kununua hata kioo kimoja chenye tundu pana. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea.

Kuna unachotoa. Mzee aliyekuwa na urefu wa karibu sentimita nne kwenye filamu anakuwa na mbili na kidogo tu, na godauni linamzunguka zaidi. Pembe za picha nazo zinatiwa giza: lenzi pana hivi hupoteza kama stopu moja na nusu kwenye kona. Mchana watu hununua kichujio cha kusawazisha, ambacho nacho kinakula mwanga. Usiku mimi huziacha kona zife. Nani alikwambia kona za usiku zina mwanga?

Ila si kila 90 ni 90. Ile Angulon ya zamani ya f/6.8 ni ndogo, inaingia mfukoni mwa jaketi, lakini duara lake la picha, yaani eneo ambalo lenzi hulimulika, ni milimita 154 hivi, na mshazari wa eneo la picha kwenye kipande ni kama 153. Huna pa kusogea. Super-Angulon ya f/8 ina duara la 216 ukifunga hadi f/22, kwa hiyo unaweza kupandisha uso wa kamera, ule ubao unaoshika lenzi, bila kuiinamisha kamera yenyewe. Kwa geti la Mzee haikuwa na maana. Kwa KICC, jumba la mikutano la Nairobi, ni kila kitu. Mnara ule una ghorofa 28 na mita 105, na ukiinua kamera kuutazama, mnara unalala chali kama mlevi. Ukipandisha lenzi peke yake, mnara unasimama wima kama Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso walivyouchora. Nilitumia T-Max hapo, nikiwa na dirisha dogo sana: sisi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, jua huanguka wima, na zile dakika ambazo anga bado ni buluu na madirisha yameshawaka hazifiki nusu saa. Kufikia saa moja na robo jioni imekwisha. Nilipata vipande viwili. Kimoja kilitikiswa na basi.

Jambo la mwisho kuhusu vioo: angalia koti zake, yaani zile tabaka nyembamba za kuzuia mwanga kuakisiwa. Lenzi yangu ya kwanza ilikuwa ya zamani, yenye koti moja hafifu, na mulika mwizi mmoja tu ndani ya picha alimwagika kama maziwa juu ya meza, kijivu mpaka kwenye vivuli. Lenzi zenye koti nyingi, Fujinon, Nikkor au Symmar-S za baadaye, zinaiacha taa ikae pahali pake. Na shata iwe na herufi T, ambayo unabonyeza mara moja ikafunguka, mara ya pili ikajifunga, ili usisimame ukiwa umekamata kebo kama mtu aliyeshika samaki.

Nilirudi kwa Mzee mwezi uliofuata na ile 90. Mama wa chai alikuja kushika tochi, mita saba na nusu, nikapima kwa kamba. Mzee alipoambiwa sekunde thelathini na tano alinitazama kama nimemtukana. "Hiyo ni kukohoa tu." Nikangoja lori moja lipite kabisa, kisha lingine. Nikabonyeza. Alikuwa na kikombe, na kwenye sekunde ya ishirini hivi akapiga funda moja. Nilisafisha kipande hicho nikipunguza muda wa dawa kwa moja ya tano, maana usiku sehemu nyeupe za picha huwa nyeupe kupita kiasi, na taa ya getini ilitoka na umbo lake. Mzee naye alitoka mzima: koti, kofia ya sufu, rungu magotini, makunyanzi ya viatu. Mkono wa kikombe tu ndio uliokuwa na pacha wake.

Nikampelekea zote mbili, ya zamani na mpya. Akaweka miwani. Alikaa na ile mpya muda mrefu, akapitisha kidole juu ya mnara wa maji, juu ya makaa.

"Hii nampelekea mama watoto," akasema, akaiingiza ndani ya koti. Kisha akachukua ile ya moshi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Na hii mpe bosi. Ile nzuri usimwonyeshe kabisa, pale nimekaa tu nakunywa chai. Hapa angalau inaonekana nilikuwa nafungua geti."